Kwa Mutwe, siku dunia ilipopanda Nyamirambo

Tulivuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, asubuhi, Mto Kagera ukinguruma chini, na dereva akahamia upande wa kulia wa barabara. Kutoka pale hadi Rwamagana macho yangu yalikuwa kwa vijana wanaosukuma baiskeli za mizigo mlimani, mikungu ya ndizi imefunika gurudumu la nyuma. Watu hawa hawahitaji kuelezwa mlima unavyochoma mapaja.

Nilikuwa nikienda Kigali kwenye Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, Septemba 2025. Yalianza mwaka 1921, na hayakuwahi kufanyika Afrika hadi mwaka huo. Shule za jiji zilifungwa juma zima, barabara zikazibwa, nasi tukatembea kwa miguu.

Jumamosi nilisimama kwenye mwinuko wa mawe wa Kimihurura kuwatazama wanawake. Vigogo walitegeana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze kufukuza, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akautumia mwinuko ule kuwaacha wenzake na kuchukua ubingwa. Wachache sana walikuwa wamemtaja kabla. Nilishangilia hadi sauti ikakauka.

Jumapili niliambiwa nikae kwenye mzunguko wa mjini, ambako wanaume wangepita mara 15. Nikaenda Nyamirambo, ambako wangepita mara moja tu, kwa sababu ya Kwa Mutwe: mita kama 400 za mawe, mwinuko wa wastani wa asilimia 11. Huu ni mtaa wa Waislamu tangu zamani, na Kiswahili ni cha nyumbani. Mama mmoja muuza mandazi alinivuta mkono: "Sogea huku juu, mwanangu. Hapo chini utaona migongo ya watu tu."

Alisema kweli. Watoto walikuwa juu ya kuta, wengine juu ya mabati. Helikopta ikasikika, zikapita pikipiki za polisi, halafu Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyekuwa amechomoka kwa kasi kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia mnyororo ukigonga kwenye mawe. Mabega yake hayakuyumba. Waliofuata walikuwa midomo wazi, chumvi ya jasho imeganda kwenye kamba za kofia, na mtaa mzima uliwapigia kelele hata wale wa mwisho kabisa, kama ndugu zao. Hapo ndipo nilipoona mashindano haya yalistahili kuletwa huku mapema zaidi.

Mbio zilizobaki tulizitazama kwenye televisheni ya mkahawa, tumesimama. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alibadilisha baiskeli mara mbili, bado akafukuza hadi nafasi ya pili, dakika 1 na sekunde 28 nyuma ya Pogačar, aliyeshinda. Ben Healy wa Ireland akawa wa tatu. Kilomita 267.5, milima isiyoisha, na kati ya zaidi ya 160 walioanza, waliomaliza ni 30 tu. Kwangu, hao 30 wote wanastahili heshima ya mshindi.

Ukiyakosa ya 2025, Tour du Rwanda hufanyika kila mwaka, kwa kawaida mwezi Februari, na mara nyingi imepandishwa Kwa Mutwe. Fika mapema, panda juu kabisa, na ununue mandazi kabla barabara haijafungwa.