Daraja la Kuzimu: nilivyouangusha ule ukuta wa nyama

Mara ya kwanza yule bosi, adui mkubwa wa gemu la Terraria, sikumwita mimi, alikuja mwenyewe. Nilikuwa chini kabisa ya ramani, Kuzimu, nachimba mawe yangu ya madini, hellstone, kwa amani, likanijia shetani lenye mabawa limening'iniza mwanasesere. Nikalitupia mishale mitatu, likafa. Kosa ni kwamba lilifia juu ya ziwa la lava. Mwanasesere akadondoka humo, ikasikika ngurumo, na kutoka kushoto ukaja ukuta wa nyama wenye macho mawili na mdomo, umejaa kutoka sakafu ya Kuzimu hadi dari yake.

Kwa wasioijua Terraria: ni gemu la kuchimba, kujenga na kupigana, limetoka kwa Re-Logic mwaka 2011, na unalitazama kwa ubavu kama mchoro wa ukutani. Ukianza dunia mpya unamkuta jirani mmoja anaitwa Guide, ambaye kazi yake ni kukupa ushauri. Mwanasesere yule ni wake. Akiingia kwenye lava Guide akiwa hai, Guide anakufa papo hapo na bosi anatokea. Jina la bosi ni Wall of Flesh, yaani ule ukuta wa nyama.

Mimi siku hiyo sikujua lolote. Nilichokumbuka ni kioo changu cha uchawi, kile cha kukurudisha nyumbani kwa mbofyo mmoja. Nikakitumia, nikafa. Kumbe bosi akishatokea, ukijaribu kutoroka Kuzimu kwa kioo unauawa. Ukibaki nyuma yake, au ukimkimbia mbali mno, anakutolea ulimi mrefu na kukuvuta kama kinyonga anavyomvuta nzi. Njia ni moja tu: kukimbia mbele yake huku unampiga, mpaka mmoja wenu aishe.

Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe cha chai, akauliza, "Kaka, sasa Guide wa watu umemuua kwa nini?"

Nikamwambia atarudi. Na kweli, nyumba yake ikiwa ipo, baada ya muda anakuja Guide mwingine kwa jina jingine, anaanza kukushauri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mara ya pili nilijiandaa, au nilidhani hivyo. Nilisuka deraya ya Molten, ambayo inakula vipande 45 vya hellstone iliyoyeyushwa, na kila kipande kinataka mawe matatu ya hellstone na moja la obsidiani. Yaani mawe 135 uyachimbe huku vijishetani vinakurushia moto unaopenya kuta. Nikatafuta mioyo ya kioo hadi uhai wangu ukafika 400. Nikajenga na daraja juu ya lava, kama vigae 300 hivi, nikaona ni refu kupita kiasi.

Bosi ana uhai 8,000 kwenye ugumu wa kawaida. Nilimtoa zaidi ya nusu. Lakini ana tabia moja mbaya: kadiri anavyoumia ndivyo anavyoongeza mwendo. Mwanzoni anatambaa kama lori la mchanga mlimani, mwishoni anakuja kama basi la mkoani lililochelewa. Nikafika mwisho wa vigae vyangu yeye bado anakuja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mimi ukingo wangu ulikuwa lava.

Kwa hiyo wiki iliyofuata sikugusa silaha. Nilijenga barabara. Na hii ndiyo sehemu ambayo watu wanairuka wakisimulia, kwa sababu haina sifa, ila kwangu ndiyo iliyochukua jioni tatu. Mawe nilikuwa nayo masanduku na masanduku. Nikaanzia karibu na ukingo wa magharibi wa dunia, nikaelekea mashariki, kigae baada ya kigae. Kuzimu kuna maghofu, minara ya matofali meusi, na kila mnara uliokaa njiani nilitoboa tundu la kupita mtu bila kuruka. Majivu yaliyoning'inia juu nikayakwangua nisije kugonga kichwa. Kisha nikavaa viatu vya Hermes, vile vya kukimbia kasi, nikalikimbia daraja lote kwenda na kurudi, natafuta kigae kilichochomoza. Nilikuta viwili. Kimoja kati ya hivyo kingeniua. Dunia yangu ilikuwa ile ndogo, yenye upana wa vigae 4,200, na daraja langu lilifika 1,400.

Daraja lilinipa na faida ambayo sikuitarajia: shetani la mwanasesere nililiua juu yake, mwanasesere akatua kwenye jiwe, mkavu, nikamwokota.

Silaha ndiyo nilibadili kidogo. Nilimwua Malkia wa Nyuki, bosi mwingine, mara nne huko msituni hadi akaniachia upinde wake, ule unaogeuza mishale ya kawaida ya mbao kuwa mishale ya nyuki, pamoja na guruneti zinazopasuka na kutoa kundi la nyuki. Nyuki wanamtafuta adui wenyewe, na hilo ni muhimu kwa sababu mbele ya ukuta kuna vinywa vidogo vimefungwa kwa mishipa, vinakuzuia njia ya kupiga. Pia niligundua kuwa uhai wa macho na mdomo ni mmoja, ila mdomo una ulinzi na macho hayana hata chembe. Piga macho.

Nikanywa dawa ya ngozi ya chuma, nikanywa ya kuongeza mbio, nikamtupa mwanasesere.

Vidole vya kushoto vinamkimbiza mtu mashariki, mkono wa kulia umeelekeza mausi magharibi kwenye jicho la juu. Guruneti, guruneti, upinde. Uhai wangu ukashuka hadi 140, nikanywa dawa, nikajua sasa nina dakika nzima kabla ya kuruhusiwa nyingine. Mdogo wangu alikuwa anasoma tarakimu kwa sauti: "Elfu tatu... elfu mbili... Kaka, anakuja kasi!" Niliona. Nikapita tundu la mnara wa mwisho uhai wangu ukiwa 62, nikarusha guruneti bila hata kulenga.

Ukuta ukapasuka. Zawadi zikabaki ndani ya kijisanduku cha matofali kisichozama kwenye lava, humo nikakuta nyundo ya Pwnhammer, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuyafikia madini ya hatua inayofuata.

Nilirudi nyumbani najiona mfalme. Ilikuwa usiku. Kifo cha bosi yule kilikuwa kimeshaigeuza dunia kuwa ngumu zaidi, nami nikasimama sebuleni kupanga vitu sandukuni. Kivuli cheusi kikapita ukutani, hakikufungua hata mlango, kikaniua mbele ya sanduku langu.

Mdogo wangu alicheka hadi chai ikamwagika kwenye kibodi.