Bunduki na magari ya gemu yafanane na ya kweli

Anza na risasi. Ile ya AKM (bunduki ya Kisovieti, ndugu ya AK-47) hutoka mtutuni kwa takriban mita 715 kwa sekunde. Hata ukipuuza ukinzani wa hewa, ikifika mita 300 imeshashuka karibu sentimita 86 chini ya mstari wa mtutu. Weka na hewa, inashuka zaidi. Gemu inayopiga mstari ulionyooka inamnyima mchezaji raha yote ya kulenga.

Kujaza risasi ndiko kunakoharibiwa zaidi. Magazini ya AKM ikiisha, boliti (kipande kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake) hurudi mbele, kwa hiyo lazima mkono umalizie kwa kukoki, yaani kuivuta nyuma na kuiachia. Boliti ya M4 (bunduki ya jeshi la Marekani) hubaki nyuma. Kubonyeza kitufe cha kuiachia kunatosha. Na ukibadilisha magazini ya risasi 30 mapema, risasi moja bado imo chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa: hesabu isome 31, si 30. Swichi ya AKM ya kuchagua namna ya kufyatua nayo: juu usalama, katikati mfululizo, chini moja moja. Wengi huzigeuza hizo mbili za mwisho, inaudhi kweli.

Kwenye magari, fanya breki zitofautiane kulingana na aina ya ardhi. Kutoka kilomita 100 kwa saa, kiwango cha msuguano cha 0.7 (lami kavu) kinasimamisha gari kwa mita 56 hivi, cha 0.3 (tope) kinataka mita 131.