Tuta la Fort Stevens

Nikitoka zamu ya usiku, basi silifuati moja kwa moja. Napitia kwanza Fort Stevens, ngome ya zamani ya vita, pale 13th Street na Quackenbos, kaskazini mwa jiji la Washington. Nakaa kwenye nyasi na chupa yangu ya chai. Asubuhi ile wapo wenye mbwa wao tu, na mimi.

Usitarajie mawe kama ya Fort Jesus. Hili ni tuta la udongo lililoota nyasi, na mizinga inayotazama nyumba za watu. Yale magogo yanayoshikilia tuta, yagonge uone: zege! Sehemu hii ilijengwa upya miaka ya 1930. Siku nilipogundua nilijiona nimepunjwa.

Julai 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga, chini ya Jenerali Jubal Early, lilifika hadi hapa. Rais Lincoln akaja kutazama vita, akapanda juu ya tuta na urefu wake wote, na daktari wa jeshi aliyekuwa karibu naye akapigwa risasi. Rais akapona. Pana jiwe la kumbukumbu juu ya tuta, na wageni hawaondoki bila kupiga nalo picha.

Mimi ninayemuwaza ni Elizabeth Thomas, mwanamke mweusi, huru, ambaye sehemu ya ardhi hii ilikuwa yake. Mwaka 1862, ngome ilipotanuliwa, askari wa Lincoln mwenyewe walimvamia nyumbani. Wengi walikuwa Wajerumani. Uzeeni alisimulia kwamba hakuelewa walichosema, hata maofisa wao, ila walipoanza kutoa vyombo nje na kubomoa nyumba, akaelewa. Jioni alikaa chini ya mti akilia, na mtoto wake wa miezi sita mikononi. Kwa masimulizi yake, Lincoln mwenyewe alimwendea akamwambia ni jambo gumu, lakini atapata thawabu kubwa.

Thawabu!

Mwaka wangu wa kwanza hapa, mwenye nyumba alibandika karatasi mlangoni pangu. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, ile ilikuwa ya kisheria. Niliikunja nikaiweka kabatini, nikisema nitamwuliza mtu Jumapili. Alhamisi nikarudi kutoka kazini nikamkuta fundi amepiga magoti, anabadilisha kitasa.

Sikuwa na mtoto mikononi. Nilikuwa na mfuko wa mchele.