Yuanzhi kwenye roshani: chungu cha kwanza kimekufa

Jumapili. Nimekiua mwenyewe. Nilikuwa nakimwagilia kila asubuhi kama tuta la mchicha, kumbe yuanzhi ni mmea wa vilima vikavu vya huku kaskazini mwa China, Shaanxi na Shanxi. Nilipovuta mche, mzizi ulibaki udongoni, umelainika kama mlenda. Mbegu 40, zikaota 11, leo imebaki miche minne kwenye chungu cha pili. Hiki nimekijaza mchanga nusu kwa nusu, na maji ni mara moja kwa wiki.

Hiyo minne yenyewe ukiiona utaing'oa ukidhani magugu. Majani kama sindano, kimo hakifiki shubiri. Wachina sehemu ya juu huiita xiaocao, nyasi ndogo. Yuanzhi, yaani nia ya mbali, ni jina la mzizi. Karne ya 4 msomi Xie An alikuwa amejitenga milimani, akaja kukubali cheo. Afisa mwenzake, Hao Long, akampiga kijembe mbele ya watu: mmea huu ukijificha ni nia ya mbali, ukitokeza ni nyasi ndogo. Yangu ndiyo imetokeza.

Katika tiba ya jadi ya Kichina, mzizi ndio dawa ya usahaulifu na kukosa usingizi, mara nyingi ukichanganywa na shichangpu, mzizi mwingine wa dawa. Huchimbwa mmea ukiwa na miaka kama mitatu, kwa hiyo nimenunua gramu 50 zilizokauka hapa Xi'an nijifunze kuuandaa.

Jumamosi. Vipande ni vimirija vya rangi ya udongo, vingine bado vina kijiti cha kati. Nimekaa saa nzima nakitoa. Kipande kimoja nilikitafuna kibichi: uchungu, halafu koo likaanza kuwasha. Jirani yangu, ambaye namwita ayi, kwetu angekuwa mama mdogo, akanigombeza: kwanza upikwe na urukususi, ule mzizi mtamu! Kipimo ni kilo 6 za urukususi kwa kila kilo 100 za yuanzhi, kwangu ikawa gramu 3. Nilichemsha urukususi, nikachuja, nikatia mizizi, moto mdogo. Povu likapanda kama la sabuni hadi likamwagika jikoni. Ni saponini hizo, kemikali za mmea zinazotoa povu. Nimeuacha hadi maji yote yakanywewa, nikaanika.

Kuunywa sijaunywa. Nina vidonda vya tumbo, na mzizi huu hata ukiandaliwa husumbua tumbo. Tena utafiti mwingi wa kumbukumbu umefanywa kwa panya. Gramu 50 zimo kwenye chupa. Ayi ameomba nusu.

Maji ya miche ni Jumatano.