Machozi ya rangi ya chungwa

Binti wa kaka yangu anasomea famasia, na wakati huu wa mitihani amehamia kwangu kwa sababu kwao kuna kelele. Jana usiku alikuwa akizunguka sebuleni anakariri kwa sauti dawa zisizopatana: rifampisini na vidonge vya uzazi wa mpango, rifampisini na wafarini, rifampisini na methadoni. Nikaacha kukunja nguo.

"Hiyo ya mwisho, hebu rudia."

Akarudia. Rifampisini, ya kutibu kifua kikuu, hushusha mwilini kiwango cha methadoni, ile wanayopewa waraibu badala ya heroini, na mgonjwa anaweza kupata dalili za kukosa dawa. "Kwani vipi, shangazi?"

Nikamwambia asome tu. Yeye atapata maksi yake moja kwa mstari huo, na ni haki yake. Mimi ulinikosesha usingizi.

Kuna miaka nilikuwa nikizunguka maskani za Dar es Salaam, vijiwe vya wanaotumia heroini, na begi la kondomu, bandeji na dawa ya vidonda. Huko ndiko nilikomjua Fundi, mtengeneza redio, aliyekuwa akitibiwa kwa methadoni. Kliniki yenyewe siitaji, kwa sababu waliokuwapo pale walikuwa watu waliochoka, wachache kwa kazi ile, na sitaki kumwanika mtu.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala 2012, kisha Temeke 2014. Aliyewahi kukaa maskani anajua ilibadili nini. Kikombe kimoja cha dawa ya maji asubuhi, unakinywa mbele ya mtoa dawa, kinakushika hadi kesho yake. Huamki unatetemeka ukiwaza kete ya heroini. Huibi kioo cha gari la mtu. Hujidungi kwa bomba lililotoka kwenye mshipa wa mwenzio. Mtu anapata saa nyingi za mchana zilizo zake, na Fundi zake alizitumia kufungua redio mbovu za watu na kuzifunga zikiwa zinaongea.

Lakini dawa ile ilitaka uje kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Fundi alikuwa analala barazani mwa duka la mtu, akitandika maboksi baada ya mlango kufungwa na kuyakunja kabla haujafunguliwa. Nauli ya daladala ilikuwa shilingi 400 kwenda na 400 kurudi. Alikwenda kwa miguu. Sikumbuki kumwona akikosa.

Kikohozi kilimwanza kipindi cha mvua. Makohozi yalipopimwa ikaonekana ni kifua kikuu, akaanzishiwa matibabu, ambayo kwetu ni bure: miezi 6, miwili ya mwanzo ukimeza dawa nne zilizochanganywa katika kidonge kimoja chekundu kilichofifia, minne inayobaki ukimeza mbili kati ya hizo. Alikuwa na kilo 48, kwa hiyo vidonge 3 kila siku. Mtu asiye na mlango anaweka wapi vidonge vya wiki nzima? Mfukoni vinalowa jasho na mvua. Chini ya maboksi vinaibwa, au vinafagiliwa siku mgambo wakipita. Akavipeleka kwa mama ntilie aliyekuwa akimfulia shati mara mojamoja. Mama akavitia kwenye kopo la maziwa la bati, akaliweka juu pamoja na chumvi, na kila alfajiri akiwasha jiko alimpa vitatu na kumsimamia mpaka ameze.

Wiki ya kwanza ikapita vizuri. Ya pili Fundi akaanza kunifuata.

"Dada, nina arosto." Ndivyo maskani wanavyoyaita mateso ya mwili uliokosa dawa.

"Umekunywa dozi?"

"Nimekunywa. Inafika jioni imeisha. Usiku mifupa inanisaga, tumbo linaharisha, silali. Naapa sijagusa kitu."

Kliniki alikuwa ameshasema, na jibu alilopewa lilikuwa lile la siku zote: anataka kuongezewa. Wengine wakaenda mbele zaidi, wakasema amerudia unga, methadoni haimtoshi kwa sababu anachanganya. Nitawatendea haki. Wapo wanaoomba kuongezewa bila sababu, na methadoni ikizidi inaua, inapunguza pumzi hadi inaisha. Mtoa dawa anayesita ana sababu ya kusita. Ila maneno yale yalisemwa mbele ya foleni nzima, na kijana mmoja nyuma akacheka, na Fundi akavuta kofia ikafunika nyusi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda naye. Kulikuwa na muuguzi mmoja mtu mzima, karibu na kustaafu, ambaye wagonjwa walimwamkia wote kwa pamoja alipoingia. Alikuwa akipita na mafaili kifuani. Nikamsimamisha, nikamweleza kwa kifupi. Hakunijibu mimi. Alimtazama Fundi.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa dirishani, kwenye mwanga."

Akayaweka mafaili kwenye benchi. Akamshika kidevu, akamgeuzia uso nje kulikokuwa na jua, na akakaa vile kwa muda akimwangalia macho. Nami nikaangalia. Jua lilikuwa kali, lakini mboni zilikuwa wazi, kubwa, nyeusi, zimekula karibu rangi yote ya jicho. Aliyetoka kujidunga heroini huwa hivi kinyume: mboni zinasinyaa zinabaki nukta, hata gizani. Yule sista akampandisha mkono wa shati kwa kidole, akapitisha kiganja juu ya ngozi. Vinyweleo vyote vilikuwa vimesimama. Fundi akapiga mwayo, akapiga mwingine kabla wa kwanza haujaisha, macho yakajaa maji, akayafuta kwa leso.

"Nipe hiyo leso."

Aliona haya. Ilikuwa leso ya kizamani ya wanaume, nyeupe yenye mistari pembeni, imefuliwa kwa mkono wa mtu anayejali. Sista akaifungua kwenye mwanga. Palipofutwa machozi palikuwa na madoa, mapya na ya jana, yote rangi ya chungwa.

"Mkojo wako una rangi gani siku hizi?"

"Mwekundu, sista. Walinambia nisiogope."

"Nani alikwambia?"

"Wale wa kifua."

"Vidonge vya kifua umeanza lini?"

Akamwambia. Sista akahesabu kimyakimya, midomo ikicheza, kisha akaikunja leso mara nne na kumrudishia mkononi kwa heshima, kama ambavyo angemrudishia mtu yeyote kitu chake. Akanigeukia. "Huyu hasemi uongo. Mwili wake unafukuza dawa." Akaingia kwa daktari bila kubisha hodi.

Baadaye alitueleza wote wawili, taratibu, tumesimama palepale. Rifampisini, iliyomo ndani ya vidonge vile, ndiyo inayotia rangi mkojo, jasho na machozi. Hiyohiyo huliamsha ini, likaanza kuivunja methadoni upesi kuliko kawaida. Haitokei siku ya kwanza. Inajengeka polepole, na kufikia wiki ya pili kikombe kilichokuwa kinamfikisha mtu kesho kinaishia mchana. Dozi haijapungua kwenye kipimo, imepungua kwenye damu. Hata baadhi ya waliokuwa wakimeza ifavirenzi kwa ajili ya virusi vya UKIMWI walipata jambo la namna hiyo. Upande wa kifua kikuu hawakujua kama Fundi ana kikombe anachokunywa kila asubuhi. Upande wa methadoni hawakujua kama ana vidonge kwenye kopo la mama ntilie. Yeye aliyejua vyote viwili hakuna aliyemuuliza, na alipojisemea hakusadikiwa.

Fundi alisikiliza yote. Kisha akauliza swali moja. "Kwa hiyo sista, sikurudia?"

"Hukurudia, mwanangu."

Akainama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Daktari akaongeza dozi kidogokidogo, kila mara wakimwangalia kwanza kabla ya kuongeza tena. Usingizi ukarudi. Redio zikarudi. Vidonge vya kifua hakuviacha, na hilo ndilo lililokuwa likinitisha kuliko yote, kwa sababu mtu mwenye arosto hahitaji kuwa na akili nyingi kugundua kwamba balaa limeanza siku alipoanza vile vyekundu. Angeweza kuviacha, akabaki na kifua kikuu kinachokwenda kuwa sugu. Au angerudi kwenye kete, akaandikwa mtoro. Madaftari ya kliniki yana watoro wengi. Siku hizi nikifikiria majina niliyoyaona mle, najiuliza wangapi walikuwa na leso kama ile na hakuna aliyeomba kuiona.

Sista hakuishia hapo. Alitaka kujua nani anasimamia kumeza, nilipomwambia akasema nimpeleke. Akaenda kwa miguu yake hadi bandani, akaketi kwenye kigoda, akapewa chai, na akamweleza mama ntilie jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Vidonge vya kifua vikiisha, ini linatulia. Litaacha kuivunja methadoni kwa kasi, na ile dozi iliyoongezwa itakuwa kubwa mno kwake. Itabidi ishushwe, tena kwa wakati. Mtu aliyelala chumbani na wenzake, pumzi ikibadilika kuna atakayesikia. Fundi analala barazani, na wapita njia wanaona mtu amelala.

Mama hakusema mengi. Aliuliza ni miezi mingapi, akarudia, "sita", akaendelea kumenya vitunguu.

Miezi ilipotimia ni yeye aliyekuja kunitafuta, amefunga khanga juu ya aproni, na karatasi ya vidonge vya mwisho mkononi. "Dada, hivi ndivyo. Vimebaki vya siku nne. Yule sista alisema tusikae kimya." Sikuwa nimesahau, lakini hesabu iliyokuwa sahihi hadi siku ilikuwa yake. Tukaenda. Dozi ikashushwa hatua kwa hatua katika wiki zilizofuata, na Fundi akavuka.

Kwenye kadi ya kifua kikuu kulikuwa na nafasi ya kuandika mtu anayemsimamia mgonjwa kumeza dawa. Niliomba jina la yule mama liandikwe. Mhudumu aliyekuwa zamu alinijibu kwa upole kabisa kwamba anahitaji mtu wa nyumba moja na mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa hana nyumba. Akasema basi aache wazi. Fundi alimaliza tiba yake, akapona kifua, na nafasi ile ikaenda kabatini ikiwa na mstari mtupu. Sina hakika hata leo kama nilipaswa kugombana zaidi kwa ajili ya jina moja kwenye karatasi, wakati mgonjwa amepona. Nadhani ndiyo, nilipaswa. Mtu mwingine atakuja kulifungua faili lile kutafuta ni nini kilichomponya mtu anayelala barazani, na atasoma kwamba hakuwa na msimamizi.