Jerikeni ya mafuta lazima ishuke chini

Hapa Uganda, barabara ya Gulu haina shida ya mafuta. Ukitoka kwetu Bombo unakuta sheli Wobulenzi, Luweero, Migeera, Kigumba, Bweyale. Ukiishiwa hapo umejitakia. Shida huanza ukiacha lami na kuingia ndani ya wilaya ya Kiryandongo, kule mahindi yaliko. Huko dizeli inapangwa mbele ya duka kwenye chupa za maji ya kunywa, na imechanganywa na nini anajua aliyeichanganya. Mashine yangu ya kupukuchua mahindi ina injini ya dizeli ya silinda moja, na nozeli yake, ile inayonyunyizia mafuta ndani ya injini, haitaki mchezo na maji wala uchafu. Kwa hiyo natembea na dizeli yangu mwenyewe kwenye trela, na petroli kidogo ya jenereta ya taa.

Kabla ya msimu huu niliamua kununua vyombo upya, vyote. Tanboi wangu alikuwa na jibu tayari: "Mzee, si tuweke pipa moja, yaishe?"

Pipa la lita 200 linavutia, sikatai. Mafuta yote mahali pamoja, na mapipa matupu hayakosekani kule Katwe, Kampala. Lakini piga hesabu. Lita moja ya dizeli ina gramu 840 hivi, kwa hiyo pipa likijaa ni karibu kilo 170 za mafuta, pipa lenyewe hujalihesabu. Likibaki nusu, mafuta yanapiga huku na huku kila unapokanyaga breki, na trela dogo la ekseli moja linasikia kila pigo. Halafu likifika sheli litajazwa wapi? Juu ya trela, maana hakuna wa kulishusha. Hapo ndipo nilipolikataa.

Chombo cha mafuta hujazwa kikiwa kimekaa ardhini. Mafuta yanapopita kwenye mpira wa pampu huzalisha umeme tuli. Chombo cha chuma kikiwa chini, na bomba la pampu likigusa shingo yake, umeme huo unapata njia ya kutokea. Kikiwa garini juu ya mpira au plastiki, unabaki humo ukingoja pa kurukia, na cheche ndogo inatosha kuwasha mvuke wa petroli. Mvuke huo unashika moto hata penye baridi kali chini ya sifuri, sembuse Julai ya Kigumba. Dizeli ina subira zaidi, inataka joto la nyuzi 50 na ushee kwanza. Ila mimi nabeba zote mbili, na kijana wa pampu hana muda wa kubagua.

Ukikubali kwamba lazima kishuke, ukubwa unajichagua: lita 20. Jerikeni ya chuma iliyojaa dizeli ni kilo 21 hivi, na mtu mmoja anaishusha bila kuita jirani.

Sasa, ya namna gani? Ya njano, ile iliyokuja na mafuta ya kupikia kisha ikageuzwa ya maji, kila nyumba inayo, na kila nyumba huitia petroli siku ya dharura. Kwenye trela langu haipandi. Ukuta wake ni mwembamba, kifuniko hakina mpira wa maana, na wengi wanakiziba kwa kipande cha kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Jua likiipiga misimu miwili mitatu inapauka, inakakamaa, kisha inapasuka kwenye kona ya chini. Na zote zinafanana! Ya petroli ikisahauliwa uani kati ya zile za maji, mtu atakuja kuinua asubuhi na mapema kuweka chai.

Plastiki nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu hatari ipo, na si mbaya. Tafuta alama ya UN chini yake au ubavuni, halafu 3H1, yaani jerikeni ya plastiki, halafu herufi ya daraja. Kwa petroli iwe Y au X; Z inaruhusiwa kwa dizeli tu. Karibu na hapo kuna kiduara chenye mshale, ndicho kinachoonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari zinaipa jerikeni ya plastiki miaka 5, basi. Nilizoonyeshwa mjini zilikuwa za bluu, zimetoka viwandani, na moja mshale wake ulisoma 2014. "Mzee, hii ni mpya kabisa," kijana akaniapia. Nilifungua kifuniko nikanusa, nikafunga.

Nikarudi kwenye chuma. Bombo ni mji wa jeshi tangu enzi za KAR, lile jeshi la wakoloni Waingereza, kwa hiyo jerikeni ile yenye mishikio mitatu tumeizoea tangu utoto. Wajerumani ndio walioibuni miaka ya 1930, na maadui zao vitani wakainakili. Mishikio ile mitatu ina kazi: mmoja anabeba iliyojaa kwa mshikio wa kati, wawili wanaigawana kwa ile ya pembeni, na tupu mbili zinaingia mkono mmoja. Ile mifereji iliyokandamizwa ubavuni inaipa bati nguvu na nafasi ya kutanuka kwenye joto.

Lakini siku hizi kuna za bati jepesi zilizochomelewa ovyo, zikapakwa rangi nzuri ya kijani. Namna ya kuzijaribu ni rahisi. Mimina lita mbili za dizeli, funga, ilaze kifudifudi juu ya karatasi ya boksi usiku kucha, kesho yake ilaze kwa ubavu wa mshono. Dizeli inapenya pasipopenya maji, na doa kwenye boksi linakuonyesha tundu lilipo. Mulika tochi ndani pia. Kutu ya unga inatosha kuirudisha dukani, maana unga huo utaishia kwenye nozeli.

Nilichukua sita za dizeli na moja ya petroli. Bei ni mara kadhaa ya ile ya njano, na mke wangu ameshasema lake.

Fundi alinichomelea fremu ya vyuma vya pembe sakafuni, mbele kidogo ya ekseli. Uzito ukikaa nyuma, trela linaanza kuyumba mkia ukishika kasi, na nyuma ndiko lori lililokosa breki litakakokugonga. Chini ya kila jerikeni kuna kipande cha tyubu kuukuu, la sivyo barabara ya muramu, ile ya changarawe nyekundu, inasugua chuma kwa chuma mpaka kitoboke. Turubai silifungi mpaka chini: mvuke wa mafuta ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, lazima upate pa kutokea. Kizima moto cha poda kiko kwenye gari, upande wa dereva. Trela likiwaka hutaki kwenda kukitafuta humo.

Sheli ugomvi wangu ni mmoja: vijana wanapenda kujaza mpaka mdomoni. Petroli ikipata joto la nyuzi 20 zaidi, lita 20 zinaongezeka kwa zaidi ya thuluthi ya lita, na lazima zipate pa kwenda. Naacha nafasi ya lita nzima.

Ya petroli nimeipaka nyekundu na kuifungia upande wake peke yake, pamoja na faneli yake. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya injini yangu. Petroli ikiingia humo inaikausha na kuikwangua.

Kilichobaki ni mipira ya vifuniko. Inakakamaa kabla ya jerikeni yenyewe, na ya akiba nimeipata Kampala tu. Kama kuna duka Bweyale au Kigumba linaloiuza, niambieni kabla sijapandisha mashine.