Besi mstari wa nyuma, Malindi
Jana kwaya yetu ya chuo imeimba Malindi, kwetu! Mama alikaa mbele kabisa na leso yake.

Tuliimba Ave verum corpus, wimbo wa kanisa wa Kilatini wa mtunzi Mozart. Aliitunga Juni 1791, Desemba mwaka huohuo akafariki. Ni dakika tatu hivi, lakini ngumu: yataka sauti ndogo, ya upole, na pumzi ndefu, na ukiteleza kidogo kila mtu anasikia. Tumeikalia wiki nzima kwa solfa, yaani do, re, mi. Karibu na mwisho, sauti za juu, soprano na alto, hutangulia, kisha za chini, teno na sisi besi, tunawafuata. Hapo mwili ulinisisimka, wallahi.

Mama hajui Kilatini. Tulipotoka akaniuliza, "Mwanangu, ule wa polepole mtaurudia lini?"